Mguu wa Shangazi Saturnina

Lima, 6 Mei 2002

Mpendwa Baba Mkubwa, Mwalimu Teodoro,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Shangazi Saturnina, na kwamba viazi vimejaa mwaka huu. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya kijiji iko dukani kwa Doña Fortunata, na neno ukilitamka pale asubuhi, jioni utalikuta limeshafika Ilave, tena limenenepa.

Nina ombi. Unajua kwamba napiga picha. Za harusi na vipaimara nazipiga ili nilipe pango. Zangu mwenyewe ni za mwili wa binadamu pamoja na chakula. Nimepiga mgongo wa mpagazi mzee wa sokoni, umenyunyizwa chumvi ya mawe mpaka uti wa mgongo ukaonekana kama njia ya mlimani. Nimempiga mama mjamzito aliyekumbatia boga, na ukitazama kwa mbali hujui lipi ni tumbo. Nazipiga kwa filamu ya weusi na weupe, nazisafisha mwenyewe, na kila moja naikuza hadi ukubwa wa mlango. Bwana Octavio, mwenye ukumbi wa maonyesho kule Barranco, ameziona na kunipa ukuta mzima wa mwezi Septemba.

Katika ukuta huo nyumbani hakumo. Nataka chuño, vile viazi vyetu vya kukausha. Nataka miguu ya Shangazi juu ya viazi, asubuhi ya kukanyaga, kuanzia gotini kwenda chini. Uso sitaupiga. Niliondoka Chijuyo nikiwa na miaka tisa, lakini ile miguu bado naiona nikifumba macho. Tafadhali muulize kwa niaba yangu. Nikimuuliza mimi atanicheka.

Mwanao,
Nélida Inquilla


Chijuyo, 19 Mei 2002

Mwanangu Nélida,

Marahaba. Tuko salama. Viazi vya kawaida ni vya wastani, viazi vichungu vimejaa, na hivyo ndivyo vya chuño.

Nitakueleza jambo ambalo huenda unalijua, kwa sababu mtu aliyeondoka na miaka tisa hukumbuka sura ya kitu na kusahau mpangilio wake. Kiazi kichungu hakiliki kama kilivyo. Mwezi wa Juni tunavitandaza juu ya nyasi za uwanda, usiku baridi kali ya sakitu inavigandisha kama mawe, asubuhi jua linavilainisha, na hapo, kabla jua halijakolea, tunavua makubazi na kuvikanyaga hadi maji machungu yatoke na ganda libanduke. Kisha tunavianika. Baada ya siku nyingi za jua na baridi vinakuwa vyeusi, vyepesi kama kizibo, na vinakaa ghalani hata miaka kumi. Mkanyagaji wa kwanza ni shangazi yako. Kabla mtu yeyote hajagusa lundo, yeye huwaomba viazi radhi kwa sauti, kwa kuwa ni mama zetu na tunawapanda juu. Mtu akikanyaga kabla ya radhi hiyo, watu hapa husema chuño itaoza ghalani. Mimi nimefundisha sayansi maisha yangu yote na sijawahi kujaribu kukanyaga kabla yake.

Nimemuuliza. Alikuwa anamenya maharage.

Akasema, "Mwambie miguu yangu si keki."

Nikamwambia kwamba ni sanaa, na kwamba uso wake hautaonekana. Akasema, "Huko Lima wanakula chuño yetu kwenye supu na kulamba vijiko. Wakiona imepita chini ya nyayo za bibi kizee watatapika, na yule mama wa Ilave anayechukua magunia yetu hatarudi." Nikamjibu kwamba kila mtu anajua chuño inavyotengenezwa. "Kujua ni kitu kimoja, Mwalimu. Kutundikiwa ukutani ni kingine."

Basi jibu ni hapana. Hata hivyo njoo Juni, mikono inahitajika, na miguu zaidi. Jambo moja tu la kufikiria ukiwa njiani. Unaandika kwamba unaunganisha mwili na chakula. Nimekaa nalo siku kadhaa, na sijui ni nani aliyevitenganisha.

Baba yako mkubwa,
Teodoro Inquilla


Lima, 14 Julai 2002

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimefika salama, mgongo bado unaniuma kwa kuinama, na nguo zangu zote zinanuka moshi wa kuni. Sijazifua.

Bado najiuliza ni neno gani langu lililomgeuza Shangazi. Wewe ulikuwa umekwenda mji wa Juli kwenye mkutano wa wastaafu, hukuona. Nilimweleza jioni mbili mfululizo pale jikoni. Nilimwambia kuhusu mwanga, kuhusu ngozi, kwamba hakuna aibu katika kazi. Alisema tu, "Ongeza kuni." Asubuhi ya tatu, alipomaliza kuwaomba viazi radhi, alinigeukia mwenyewe, akavuta sketi hadi gotini na kusema, "Haya, piga. Huu wa kulia. Sogea karibu. Sogea zaidi, unaogopa nini?" Nilipiga filamu mbili nzima. Nilimwomba asitikisike hadi jua livuke kilima, naye akasimama kama nguzo, sakitu bado iko kwenye majani. Nilipomuuliza kama anasikia baridi, alisema mguu ule haumsumbui.

Nakutumia nakala ndogo ya iliyo bora kuliko zote. Itazame kuanzia kisigino kuja mbele. Mishipa, nyufa za ngozi, kisha vidole vikizama katika viazi, na kile kidole cha mwisho, hapo ndipo picha ilipo. Ni cheusi, kimesinyaa, kina mikunjo ileile. Huwezi kusema Shangazi anaishia wapi na kiazi kinaanzia wapi. Nadhani ganda la kiazi lilimgandia, na kwa bahati sikulifuta. Nimefanya picha hizi miaka minne nikitafuta kitu hicho kimoja, na nimekipata kwetu.

Bwana Octavio ameiweka kwenye kadi ya mwaliko.

Mwanao,
Nélida


Chijuyo, 27 Julai 2002

Mwanangu Nélida,

Picha nimeipokea. Tafadhali usiitundike. Mengine nitakueleza baadaye.

Teodoro


Lima, 5 Agosti 2002

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wewe uliwahi kunieleza kwa asubuhi nzima kwa nini mto wa Ilave unapinda pale unapopinda. Sasa nakuomba sababu ya jambo linalohusu kazi yangu yote, nawe unanipa mstari mmoja na nusu.

Nafikiri najua. Doña Fortunata ameiona, na sasa soko zima linasema Nélida amepeleka nyayo za kijiji mjini. Au yule mama wa magunia amenuna. Nawaheshimu, lakini siwezi kushusha picha kwa sababu watu wamenuna. Kadi zimeshasambazwa. Kuna mama mmoja wa Miraflores, mtaa wa matajiri, ambaye ameshaiomba kabla hata maonyesho hayajafunguliwa, anataka kuitundika katika chumba chake cha kulia chakula. Anasema itamfundisha adabu kila anapokaa mezani. Nilicheka, lakini nilifurahi pia.

Shangazi mwenyewe alikubali. Alisema nisogee karibu. Kama amebadili nia, naomba niambiwe hivyo, na naomba niambiwe kwa nini.

Mwanao,
Nélida


Chijuyo, 18 Agosti 2002

Mwanangu Nélida,

Shangazi yako alinikataza kukuandikia haya. Nimemtii kwa wiki tatu, na sasa simtii, kwa sababu utii wangu haumsaidii.

Picha yako ilipofika niliitazama kwa ile lenzi ninayosomea gazeti. Ni picha nzuri, na sikuweza kuacha kuitazama, ndiyo maana nikaona. Kiazi kilichoganda kikikanyagwa hutoa maji mengi kuliko unavyodhani. Maji hayo huosha. Mguu wa mkanyagaji hutoka msafi kuliko ulivyoingia, na ganda huteleza likaanguka. Halijawahi kumgandia mtu. Tena asubuhi ile viazi huwa bado na rangi yao ya zambarau. Weusi huja baadaye, kwenye kuanika. Katika filamu yako rangi zote ni weusi au weupe, basi zambarau iliyolowa imekuwa nyeusi, na kidole cheusi kimepata pa kujificha. Nikajiuliza, kama si ganda, ni nini?

Nilimwendea. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu ndani ya sketi kama kuku anayeatamia.

"Nionyeshe mguu wa kulia."

"Nenda kasome gazeti lako."

"Saturnina."

"Nimesema nenda."

Nikakaa chini mbele yake. Alichoka kunitazama kabla mimi sijachoka kungoja, akautoa. Kidole cha mwisho kimekufa. Ni kigumu kama punje ya mahindi, na ukikigusa hasikii. Cha pili yake kimeanza.

Nilimpeleka zahanati ya Ilave, na wao wakatupeleka Puno, hospitalini. Daktari ni kijana mpole, alieleza vizuri, nilimpenda. Shangazi yako ana kisukari, na anaonekana amekuwa nacho kwa miaka mingi bila kujua. Damu haifiki tena mguuni kama inavyotakiwa. Ni donda ndugu, kavu bado. Likianza kulowa, alisema, siku za kufikiri zitakwisha. Anataka kukata chini ya goti. Alipomaliza kueleza, shangazi yako alivaa kofia yake, akamuuliza basi la Ilave linaondoka saa ngapi.

Usijilaumu kwa kumsimamisha kwenye sakitu. Nilimuuliza daktari hasa jambo hilo, akasema kidole hicho kilikuwa kimeshakufa kabla hujafika. Nilitaka ulijue hili kwa uhakika.

Anakataa kukatwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, mkanyagaji wa kwanza mwenye mguu mmoja hajawahi kuonekana. Hiyo naweza kubishana naye. Ya pili ni ngumu zaidi. Aliuliza mguu utakwenda wapi, na nesi, msichana mkweli, akamjibu kwamba huchomwa pamoja na taka za hospitali. Kwetu sisi hilo ni kumtupa mtu bila matanga. Tangu siku hiyo hajanena tena habari ya mguu, isipokuwa aliponikataza kukuambia. "Atakuja hapa kunililia," alisema, "na nani atampikia?"

Sasa unajua. Picha ni yako na sikuamuru. Ninachohitaji ni njia ya kumfanya apande basi la Puno, na sina.

Teodoro


Lima, 26 Agosti 2002

Shangazi Saturnina,

Shikamoo. Namwomba Baba Mkubwa akusomee barua hii yote bila kuruka.

Nilikitazama kidole chako asubuhi nzima kupitia kioo kinachokuza. Kisha nilikitazama tena gizani nilipokuwa naisafisha picha, nikakiongezea weusi kwa sababu niliona haujatosha. Nilikuwa natafuta kiazi, nikakiona kiazi. Sikukuuliza kitu.

Tafadhali kubali kukatwa. Nitakuja kukaa nawe. Kuhusu picha, niambie unachotaka, nami nitakifanya, kiwe chochote.

Binti yako,
Nélida


Chijuyo, 8 Septemba 2002

Nélida,

Ni mimi shangazi yako ninayesema na Teodoro anaandika. Nimemwambia aandike maneno yangu, asiyanyooshe. Ameanza kuyanyoosha, nimemwona, kalamu imekaa sana.

(Sikuyanyoosha. Nilikuwa natafuta wino. — T.)

Usije. Ukija utakaa kitandani kwangu unalia, na mimi nitalazimika kukuambia basi, basi, mwanangu, na sina pumzi ya kukubembeleza. Kaa kazini kwako.

Unataka kujua kwa nini nilikubali. Umemwandikia kaka yangu kwamba maneno yako yalinigeuza. Maneno yako ya mwanga sikuyaelewa hata moja. Kidole kilikuwa kimeacha kusikia tangu mavuno. Niliogopa. Mtu mzima hawezi kwenda kwa mdogo wake au kaka yake kusema ninaogopa. Huyu naye, Mwalimu, amekaa nami nyumba moja, ananieleza habari za sayari, hanitazami miguu.

(Ni kweli. — T.)

Basi ukaja wewe na lile jicho la kioo. Nikasema, huyu kazi yake ni kutazama. Nikimpa mguu atauona, atasema, "Shangazi, hiki ni nini?" na mimi nitasema, "Kumbe, sikujua," na mambo yataanzia hapo bila mimi kuyaanza. Nikakuambia sogea. Ukasogea. Nikakuambia sogea zaidi. Ukaniambia, "Shangazi, vizuri sana, usitikisike."

Hayo yamekwisha. Sina hasira. Ningekuwa nayo ningekuambia, wewe unanijua.

Sasa sikiliza masharti. Nitakatwa kama mguu utarudi nyumbani. Teodoro amekwenda kuwauliza, wamesema ndugu akiomba anapewa, kumbe ni kuomba tu. Utazikwa kaburini, kando ya mama yetu, mimi nitaufuata baadaye na tutaonana. Na kwa kuwa utakuwa umekufa mwaka huu, utapata meza yake mwezi wa Novemba, Siku ya Marehemu, kama maiti yeyote mpya, miaka mitatu. Utaokewa mkate wake wenye umbo lake. Kama mtoto akifa tunaoka mtoto, na bibi akifa tunaoka bibi, mguu ukifa tutaoka mguu. Watu watauombea na kupewa mkate. Nimeshamwuliza katekista Eleuterio, alikuna kichwa, akasema hajaona palipokatazwa.

Lakini meza ya maiti mpya inataka picha. Watu watamwombea nani bila picha? Na mguu wangu una picha moja tu, hiyo kubwa uliyonayo. Naitaka hiyo, na ule utepe wake ulioitoa, ili isizaliwe nyingine. Teodoro amenisomea kwamba kuna mama anataka kula nao chakula. Mguu wangu hautakaa katika nyumba ya mtu asiyeuombea. Kwa miaka mitatu ni marehemu. Baada ya hapo roho yake itakuwa imetulia, na wewe fanya unavyotaka.

Ukikubali nitapanda basi. Usipokubali sitapanda, na nitakuwa nimekuachia picha nzuri.

Saturnina Inquilla
kwa mkono wa kaka yake

Nyongeza yangu: Nélida, nimejaribu kumshawishi aende kwanza na tuzungumze masharti baadaye. Alinijibu kwamba kwanza ni kwanza. Cha tatu kimeanza kubadilika rangi. Mpe jibu dereva yuleyule atakayekuletea barua hii. — Teodoro


Lima, 14 Septemba 2002

Shangazi, Baba Mkubwa,

Shikamoo. Picha inakuja na Don Nazario, dereva wa basi la usiku la Puno. Nimeizungushia mablanketi mawili na kuiandika "mlango", ili wasiiwekee mizigo juu. Filamu zote mbili ziko katika bahasha iliyobandikwa nyuma. Mlizonazo sasa ni zote. Nakala ndogo niliyokutumia Baba Mkubwa ni ya pili, na kadi za mwaliko siwezi kuzirudisha, lakini zinaonyesha kisigino tu, vidole vilikatwa pembeni ili jina la ukumbi lipate nafasi.

Nilikwenda kuishusha siku ya ufunguzi, mchana, kabla ya wageni. Bwana Octavio alikuwa anapanga glasi.

"Unafanya nini?"

"Naishusha."

"Hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi. Watu wanakuja kuitafuta hiyo."

"Waambie imekwenda msibani."

Alidhani nafanya mzaha. Nilipomweleza alikaa kitini, kisha akasema niendelee, lakini ukuta wa mwezi Septemba hatanipa tena mwaka ujao. Nadhani ana haki. Yule mama wa Miraflores alikuja, akatafuta, akaniuliza kama naweza kumsafishia nyingine. Nikamwambia filamu nazo zimesafiri. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia mguu wa shangazi yangu. Akachukua mkoba wake.

Zilizobaki sikuzisogeza. Kuna nafasi tupu kati ya chumvi na boga. Watu wanapofika pale wanapunguza mwendo kidogo, kisha wanaendelea.

Shangazi, panda basi.

Binti yenu,
Nélida


Chijuyo, 6 Novemba 2002

Mwanangu Nélida,

Nimekaa kimya muda mrefu isipokuwa ile simu fupi ya dukani, ambayo Doña Fortunata aliisikiliza vizuri kuliko wewe. Nisamehe. Kumtunza mgonjwa anayekataa kuitwa mgonjwa kunachukua siku nzima. Sasa nitaeleza kwa utaratibu.

Picha ilipofika, shangazi yako hakuifungua. Alipapasa blanketi kwa nje, akasema, "Ni yenyewe," na asubuhi yake tulikuwa Puno. Daktari alikata chini ya goti. Alisema tungechelewa kidogo tu angekata juu yake. Kidonda kimefunga vizuri. Anatembea kwa magongo, ana sindano zake za kisukari ambazo ananilaani kwa kila moja, na sukari ameiondoa mezani mwenyewe, ameiweka rafu ya juu ambayo mimi tu naifikia, ili akinikuta naishusha anijue.

Mguu nilipewa siku ileile. Seremala wa Puno alikuwa na masanduku ya watoto wachanga, akaniuzia moja. Nilipanda nalo basi la Ilave, nimelipakata. Kondakta akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto, mzee?" Nikamjibu, "Mguu." Alifikiri kidogo. Kisha akavua kofia hata hivyo, na nauli hakuchukua. Tumeuzika kando ya mama yetu.

Sasa meza. Mwokaji wa Ilave alitutumia mkate mzuri, umepakwa yai, wenye kucha za sukari, lakini ulikuwa mguu wa kushoto. Shangazi yako aliugeuza mara moja akasema, "Huu si wangu. Wangu wa kushoto mzima, huu hapa." Katekista Eleuterio akasema Mungu anajua uliokusudiwa. "Mungu anajua," shangazi yako akasema, "na mimi pia najua." Ukaokwa mwingine. Wa kushoto tuliula hapa nyumbani na chai, kwa kuwa haukuwa wa marehemu yeyote.

Picha tuliisimamisha ukutani nyuma ya meza, na mbele yake mkate, matunda, majani ya koka na sahani ya supu ya chuño, aliyoipenda marehemu, ingawa shangazi yako alisema yeye ndiye aliyeipenda na marehemu alikuwa anabeba tu. Hapo ndipo alipoiona picha yako kwa mara ya kwanza. Alikaa mbele yake muda mrefu. Nilimtazama yeye badala ya picha, jambo ambalo sasa najitahidi kulifanya mara kwa mara. Mwishoni alisema, "Ulikuwa mguu wa kazi." Kisha, "Mtoto huyu anajua kazi yake."

Kijiji kizima kilikuja, wengine kwa uchungu na wengine kwa kutaka kuona. Yeye alikaa pembeni ya meza kama mfiwa, amevaa sketi nyeusi, anapokea pole. Hakuna aliyejua sala gani inafaa mguu. Eleuterio akaamua tusome sala ya wasafiri, kwa kuwa sehemu imetangulia na nyingine inafuata. Doña Fortunata alipotoa pole alisema, "Mguu umetangulia, comadre mwenzangu, mdomo umebaki." Shangazi yako akamjibu, "Nimeuacha kwa ajili yako. Nikiuzika nani atakujibu?" Wakakumbatiana. Walilia wote wawili, na nadhani hakuna aliyetazamia.

Siku ya pili tuliivunja meza na kugawa, kila aliyeomba akapata kipande. Picha imerudi ndani ya blanketi, nyuma ya mlango wa chumba chake. Miaka mitatu ikipita utaichukua na kuitundika unapotaka, hata juu ya meza ya matajiri, hayo ni maneno yake. Kuhusu Juni ijayo ameshaamua bila kuuliza mtu: atakaa kwenye kigoda kando ya lundo, aombe radhi kwa mdomo, na akanyage kwa huo mmoja. Nimemkumbusha kwamba daktari amemkataza sakitu. Amesema daktari aje mwenyewe kuwaambia viazi.

Ninaacha kalamu hapa kwa sababu anataka kusema.

Teodoro

Nélida, ni mimi. Mguu wangu wa pichani uliurudisha nyumbani na nimeridhika. Lakini siku ya meza hukuwepo, hukuomba, kwa hiyo mkate hukustahili, na watu walikuwa wengi. Nimekutengea kisigino, kwa kuwa ndicho kinachokamua maji, vidole vinashika tu. Nilipokuwa nakificha Fortunata aliniona, nikamwambia ni cha mtu aliye njiani. Don Nazario anakuletea, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Kitakuwa kimekauka, kichovye kwenye chai. Omba kwanza, ndipo ule, na ukile chote.

Usikipige picha.

Saturnina Inquilla
kwa mkono wa kaka yake